Namba hii imetoka wapi? Kuhusu skrini ya nasaba ya data ambayo watu hawairudii

Swali limetoka kwa dada mmoja deveropa aliyeko Mwanza, nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Niko kwenye mradi wa data za afya. Tunavuta data kutoka DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya) na kutoka mfumo wa kielektroniki wa hospitali kadhaa, zinapita kwenye dbt (programu ya kusafisha na kubadilisha data), mwisho zinatokea kwenye dashibodi ambazo watu wa mkoa na wafadhili wanaziangalia. Bosi kanipa kazi ya kutengeneza ukurasa wa nasaba ya data, yaani unaoonyesha kila namba imetoka wapi na imepita wapi. Nimechora kwa React Flow (zana ya kuchora viboksi na mistari kwenye ukurasa wa wavuti), tebo zote mia tatu na ushee, imetoka kama nyavu iliyojikunja. Kila mtu akiifungua anasema nzuri, halafu harudi tena. Nakosea wapi, na je nihame React Flow?"

Dada yangu salama tu, pole na majukumu. Swali lako limenigusa kwa sababu hiyo nyavu nami nshaichora, tena zaidi ya mara moja, na hilo neno "nzuri" ndo dalili yenyewe. Mtu akisema nzuri halafu harudi, ujue ameangalia picha lakini jibu hajapata.

Hakuna anayeamka asubuhi akitaka kuona tebo mia tatu. Anaamka na swali moja, ana haraka, na mara nyingi kuna mtu amemsimamia kichwani anasubiri jibu. Kwa mradi kama wako maswali makubwa ni mawili. La kwanza linaanzia mwisho linarudi nyuma: hii namba ya kwenye dashibodi mbona iko hivi, imetoka wapi? La pili linaanzia katikati linakwenda mbele: nikibadilisha hii kolamu au nikifuta hii tebo, nani kesho atakuta dashibodi yake imekufa? La kwanza anauliza mtu wa takwimu, mratibu, mfadhili. La pili mnauliza nyie wenyewe mnaoandika kodi. Watu tofauti, uelekeo tofauti, na wewe umewapa wote picha moja inayojibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, yaani "tuna vitu gani vyote na vimeunganaje".

Nikupe kisa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye mradi unaofanana na wako, mkoa siutaji. Kikao cha mwezi cha kupitia data, projekta imewashwa, namba ya wajawazito waliohudhuria kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa chini ya wiki 12 imeshuka ghafla kwenye wilaya moja. Mwenyekiti akauliza kulikoni. Nikafungua skrini yangu ya nasaba, nikaanza kuzumu, nikavuta kushoto, nikavuta kulia, nikapotea, nikarudi mwanzo, dakika zinakwenda na watu wote wanaangalia mistari inapita ukutani. Mama mmoja mratibu wa afya ya uzazi aliyekuwa amekaa pembeni akafungua kaunta buku yake, akapiga simu zahanati mbili, akauliza kidogo, akakata, akasema: kituo kimoja nesi aliyekuwa anajaza amehama na aliyekuja anahesabu wiki kwa namna nyingine, kituo cha pili fomu ya mwezi haijaingizwa kabisa. Basi, kikao kikaendelea.

Baada ya kikao nikamuomba niione ile kaunta buku akaniruhusu. Ukurasa mmoja kwa kila kituo. Juu jina la kituo, chini yake anayejaza ni nani na simu yake, tarehe fomu ilipofika mwezi huu na mwezi uliopita, halafu pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja moja: "ahakiki", "amechelewa", "mgeni". Ile ndo ilikuwa skrini ya nasaba ya data, imeandikwa kwa mkono, na ilikuwa na vitu vitatu ambavyo yangu haikuwa navyo. Ilikuwa na mtu, ilikuwa na tarehe, na ilikuwa na alama pale penye shaka. Toka siku ile kila nikianza kuchora skrini ya namna hii naanza kwa kujiuliza kaunta buku ya hawa watu ina nini.

Sasa tuje kwako. Kabla hatujagusa rangi wala fonti, kwenye picha yako kiboksi cha mwanzo kabisa kushoto kimeandikwa nini? Bila shaka kimeandikwa DHIS2. DHIS2 sio chanzo dada yangu, ni kituo cha njiani. Ifuate namba yenyewe. Mama anafika kliniki, nesi anamuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, anapiga hesabu ya wiki, anaandika kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya vituoni), kile cha wajawazito. Mwisho wa mwezi mtu anapitia kitabu mstari kwa mstari anachora vijiti kwenye karatasi ya kujumlishia, vijiti vinageuka namba kwenye fomu ya mwezi, fomu inapelekwa halmashauri au inaingizwa palepale kituoni kama kompyuta na mtandao vipo, ndo inafika DHIS2. Hapo kuna hatua nne tano ambazo kodi yako haizioni, na makosa mengi yanazaliwa humo humo. Huwezi kuzisoma kwa programu ila unaweza kuzichora kwa mkono, mara moja tu kwa kila aina ya fomu, ukavipa hivyo viboksi muonekano wake, mfano pembe za mviringo na kialama cha karatasi, ili mtu ajue kwamba hizi hatua hazikugunduliwa na mashine, zimeelezwa na watu.

Hii si fikra yangu peke yangu. W3C, shirika la viwango vya wavuti, walitoa kiwango chao cha PROV cha kueleza asili ya data mwaka 2013 na wakagawa mambo kwenye mafungu matatu: kitu chenyewe, shughuli iliyokizalisha, na mhusika aliyeifanya. OpenLineage, kiwango cha kurekodi nasaba ambacho siku hizi kinatumika sana kwenye paipulaini (njia ambazo data inapita), inaongelea kazi, mzunguko mmoja mmoja wa hiyo kazi, na data iliyoingia na kutoka. Naitumia na naipenda, lakini mhusika pale sio nguzo ya msingi, anakuja kama maelezo ya ziada, na ukichora moja kwa moja kile inachokupa utapata skrini isiyo na watu ndani. Kwa data za afya za kwetu ambapo nusu ya njia ni mikono ya watu, hilo ni pengo kubwa.

Halafu mlango wa kuingilia. Kuna ushauri ambao kila mtu anayechora data kakutana nao, wa mtafiti wa kompyuta Ben Shneiderman wa mwaka 1996: onyesha picha nzima kwanza, kisha watu wakuze na kuchuja, kisha maelezo kwa anayeyataka. Kwa ramani ni ushauri mzuri sana, kwa sababu mtu akiona umbo la Tanzania anajua Mwanza iko wapi kabla hajasoma herufi hata moja, ziwa lile pale. Grafu ya tebo haina ziwa wala pwani, hakuna cha kushika, kila kiboksi kinafanana na jirani yake. Mwaka 2009 watafiti Frank van Ham na Adam Perer wakaja na mpangilio wa kinyume kwa ajili ya grafu kubwa: mtu atafute kwanza, aonyeshwe majirani wa alichokipata, apanue pale anapotaka yeye. Kwenye nasaba ya data mi niko upande wa hao wawili bila kusita.

Kwa vitendo ina maana hivi. Ondoa ile picha nzima kwenye ukurasa wa kwanza. Usiifute, iweke mbali nyuma ya kitufe kwa ajili ya yule mmoja anayeitaka kwenye slaidi za bosi. Badala yake nenda kwenye dashibodi zenyewe, pale kando ya kila namba weka kialama kidogo kimeandikwa "Imetoka wapi?", mtu akibofya afike kwenye skrini yako namba ile ile ikiwa tayari imekaa kulia na hatua moja tu nyuma yake imefunguka. Asitafute, asichague tebo kwenye menyu, kwa sababu mratibu hajui na hana haja ya kujua kwamba namba yake inakaa kwenye tebo inayoitwa fct_anc_mwezi. Kila kiboksi chenye wazazi zaidi kiwe na kinamba pembeni, "+6", abofye vifunguke. Kama umezoea dbt tayari unalijua wazo lenyewe, ile unapoandika 1+jina+1 unapata hatua moja nyuma na moja mbele, basi skrini iwe ni hiyo amri kwa kubofya.

Na mtu akipanua, tafadhali usipange upya skrini yote. Hili nalisisitiza kwa sababu programu za mpangilio zinakupa matokeo mapya kila ukiziita, na deveropa wengi wanayapokea tu kama yalivyo, mtu anabofya kiboksi kimoja vitu vyote vinaruka, kile alichokuwa anakiangalia hakipo tena pale kilipokuwa. Macho yanakumbuka mahali kuliko yanavyokumbuka majina. Vilivyokuwepo vibaki palepale, vipya vijisogezee nafasi kwa taratibu inayoonekana, na kile alichobofya kisihame hata kidogo.

Kuhusu mpangilio wenyewe, React Flow haikupangii viboksi, inavichora tu pale ulipoiambia, nadhani unalijua hilo. Angalia umeweka nini nyuma yake. Kama umetumia ule mpangilio wa viboksi kusukumana kama sumaku, ndo maana imekuwa nyavu, ule unafaa kwa mitandao ya marafiki lakini unaua uelekeo, na nasaba bila uelekeo haina maana. Unataka mpangilio wa tabaka, kila kizazi kwenye safu yake. Wajapani watatu, Sugiyama, Tagawa na Toda, waliuelezea mwaka 1981 na mpaka leo programu za kupanga michoro kama dot ya Graphviz, dagre na ELK zote zinafuata nyayo hizo: kata mizunguko, gawa tabaka, panga ndani ya kila tabaka ili mistari isikatane sana, kisha weka vipimo. Ile hatua ya kupunguza mistari kukatana, watafiti Garey na Johnson walithibitisha 1983 kwamba ni katika matatizo magumu kabisa ya hesabu za kompyuta, kwa hiyo programu zote zinakisia tu kwa ujanja, na kwenye viboksi mia tatu hakuna ujanja utakaokupa picha safi. Usipoteze wiki ukijaribu, punguza viboksi.

Elekeza kutoka kushoto kwenda kulia. Majina ya tebo ni marefu, kiboksi kirefu cha kulala kinapangika vizuri kwenye safu za wima, ukielekeza juu kwenda chini utajikuta unaskroli kwa pembeni muda wote. Na jina likizidi ulikate katikati, sio mwishoni. stg_dhis2__anc_hudhurio_la_kwanza na stg_dhis2__anc_hudhurio_la_nne ukizikata mwishoni zinakuwa jina moja.

Sasa kolamu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye utamu na ndo skrini nyingi zinaanguka.

Watu wakisikia nasaba ya kolamu wanafungua kila tebo wanaonyesha kolamu zote 60 na mistari yake. Usifanye hivyo. Mtu akichagua namba moja, kwenye kila kiboksi onyesha zile kolamu mbili tatu zinazoigusa hiyo namba, nyingine ziseme tu "na nyingine 57". Ila kuigusa kwenyewe kuna aina mbili, na lazima macho yaone tofauti. OpenLineage imezigawa vizuri: kuna uhusiano wa moja kwa moja, thamani imenakiliwa au imejumlishwa, na kuna usio wa moja kwa moja, kolamu haikuingia kwenye namba lakini ndiyo iliyoamua nani ahesabiwe na nani aachwe, yaani ilitumika kuchuja, kuunganisha tebo au kupanga makundi. Mi naweka mstari mzima kwa wa kwanza na mstari wa nukta kwa wa pili.

Chukua namba ile ile ya wajawazito. Kwenye mfumo wa hospitali una rekodi ya kila mama, kuna kolamu ya wiki za mimba, na kwenye SQL yenu (lugha ya kuiuliza data maswali) mahali fulani kuna mtu kaandika wiki_mimba < 12 au kaandika <= 12. Kolamu ya wiki haionekani kokote kwenye jibu la mwisho, jibu ni idadi tu, lakini ndiyo inayoliamua jibu lote. Bila ule mstari wa nukta mtu atakagua njia nzima na hataiona. Na hiyo alama moja ya usawa sio jambo dogo: MTUHA inaongelea chini ya wiki 12, mwongozo wa WHO wa 2016 wa mahudhurio nane unaongelea hudhurio la kwanza hadi wiki 12, kwa hiyo deveropa aliyesoma mwongozo mmoja na mwenzake aliyesoma mwingine wote wanaweza kuandika kodi wanayoiona ni sahihi. Sasa geukia upande wa DHIS2. Kule namba inafika ikiwa imeshajumlishwa. Ule mchujo wa wiki umefanyika pia, ila umefanywa na nesi kwa kalamu wakati anachora vijiti. Mchujo ni ule ule, upande mmoja uko kwenye SQL na upande mwingine uko kwenye karatasi, halafu mnakuja kuzijumlisha namba hizo mbili kwenye dashibodi moja! Skrini yako ikiweza kumuonyesha mtu njia hizo mbili zinazokutana, na kwenye kila moja ikaandika kwa Kiswahili cha kawaida "hapa wameachwa waliofikisha wiki 12 na kuendelea, umri wa mimba ulihesabiwa na mhudumu wa kituo" na "hapa wameachwa waliozidi wiki 12, kwa kanuni iliyo kwenye kodi", utakuwa umefanya kazi ambayo mistari elfu haifanyi. Kwa hiyo andika maelezo ya kila mchujo muhimu kwa maneno, usimwachie mtu kipande cha SQL. Kodi iwepo, lakini mbofyo mmoja nyuma.

Kitu kingine ambacho nasaba nyingi zinakikosa ni muda. Picha yako inaonyesha jinsi vitu vilivyounganishwa, haisemi lini. Kila kiboksi kiwe na mstari mmoja mdogo chini, "imesasishwa leo saa 11 alfajiri", na kama ni data ya vituo kiseme vituo vingapi vimeripoti kati ya vingapi vinavyotakiwa, DHIS2 inakupa hiyo hesabu ya uwasilishaji tayari, ichukue uiweke pale. Ule mshuko wa kwenye kikao cha kisa changu, nusu yake ni kituo ambacho hakikuripoti, kiboksi kingesema "kimoja bado" tungemaliza kwa sekunde.

Na DHIS2 ina mtego mmoja ambao lazima uuonyeshe. Ukivuta kwa API (mlango wa programu kuchukulia data) ya dataValueSets unapata thamani ghafi zilivyo muda huo. Ukivuta kwa API ya analytics unapata kutoka kwenye tebo maalum ambazo mfumo unazitengeneza kwa ratiba, kawaida mara moja usiku. Dashibodi mbili, moja imevuta huku nyingine kule, asubuhi mtu wa halmashauri akisahihisha namba, dashibodi moja inabadilika na nyingine haibadiliki mpaka kesho, na watu wanatuhumiana kupika takwimu. Kwenye picha yako hizo njia mbili nina wasiwasi ni kiboksi kimoja tu cha DHIS2. Zitenganishe. Zaidi ya hapo watu wanarekebisha namba za miezi ya nyuma, Machi ilivyokuwa ulipovuta tarehe 10 sio Machi ya leo, DHIS2 yenyewe inatunza historia ya mabadiliko ya kila thamani na nyie tunzeni nakala ya kila mlichovuta, ili mtu aliyechapisha ripoti ya mfadhili aweze kuuliza "namba hii siku ile ilitoka wapi" na sio ya leo tu.

Alama za hali usizitegemeze kwenye rangi peke yake. Kuna wanaume wengi, kwa wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya ni karibu 8 kati ya 100, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, kwetu ni pungufu ila wapo, na hata mwenye macho mazima ukimuwekea kwenye projekta ya ofisi ya wilaya dirisha likiwa wazi, kijani na njano ni kitu kimoja. Weka na umbo, weka na neno.

Sasa mwisho wa mistari. Kwenye nyavu yako kuna viboksi havina mzazi. Baadhi havina kwa sababu kweli ndo chanzo, na baadhi havina kwa sababu ufuatiliaji wenu umeishia hapo, mfano kuna mtu alipakua faili, akairekebisha kwenye Excel nyumbani, akaituma kwa barua pepe ikapakiwa upya. Kwenye skrini vinafanana kabisa, na hili linaniumiza kuliko rangi na mpangilio vyote, kwa sababu mtu atakiona kile kiboksi ataamini amefika mwisho wa njia, ataenda kikaoni atasema namba imethibitishwa. Tofautisha kwa nguvu. Chanzo halisi kiwe na alama yake, na pale mlipokwama chora mstari unaokatika na uandike "hatujui kilichotokea kabla ya hapa", na jina la cheo cha mtu wa kuulizwa. Bosi anaweza asiipende hiyo sentensi, anaweza kuona inawaaibisha. Mtetee mtumiaji hapo, usikubali iondolewe.

Swali la pili, lile lenu la kubadilisha kolamu, kwa kweli halihitaji grafu kwanza. Linahitaji orodha. "Ukiigusa hii utaathiri dashibodi 3, ripoti 1 ya mfadhili, na faili 1 linalotumwa kila Jumatatu", zikiwa zimepangwa kwa uzito wa anayezitumia, na majina ya wahusika pembeni ili uwaandikie kabla hujabadilisha. Picha ije chini yake kwa anayetaka kuona njia.

Hiyo hiyo orodha itakuokoa kwenye simu. Waratibu wako wengi watafungua hiki kitu kwenye simu, wengine wakiwa kwenye gari wanaelekea kituoni, na grafu kwenye kioo cha simu ni mateso. Pale geuza nasaba iwe ya wima, hatua moja chini ya nyingine, kila hatua na tarehe yake na mhusika wake, kama orodha ya miamala ya simu ambayo kila mtu anajua kuisoma. Faida nyingine, asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini ataisikia vizuri, na inachapika kwenye karatasi ikaambatanishwa na ripoti.

Tahadhari moja ya haraka: zile zana zinazokuonyesha mfano wa mistari ya data ukibofya kiboksi, zima hicho kitu kwenye tebo zote za mfumo wa hospitali. Kule kuna majina ya akina mama na namba zao za simu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Onyesha jina la kolamu na maana yake, basi.

Kupima usiulize tena "unaionaje", utaambiwa nzuri. Mtafute mtu mmoja wa takwimu na mratibu mmoja, mpe kila mmoja namba iliyowahi kuleta ubishi kweli na ambayo wewe jibu lake unalijua, mwambie nitafutie kwanini ilikuwa hivi, halafu kaa kimya uangalie mkono wake. Akisita kabla ya kubofya, andika. Akitoka kwenye skrini akashika simu kumpigia mtu, muulize alikuwa anataka kumuuliza nini, na hicho ndo kitu cha kuongeza kwenye skrini wiki hiyo.

Na React Flow, baki nayo, tatizo halikuwa hapo. Kama nyuma yake una dagre, kwa tebo tupu inatosha, lakini ukifika kwenye kolamu hamia ELK kupitia elkjs, kwa sababu ELK inaelewa milango, yaani mstari unaingia kwenye kolamu fulani ya kiboksi na sio katikati ya kiboksi, na inapanga kwa kuzingatia hilo. Iendeshe kwenye webu woka, yaani pembeni ndani ya kivinjari, ili skrini isigande wakati inapiga hesabu. Anza na namba moja, hiyo ya wiki 12, ichore mpaka kwenye kitabu namba 6, na kabla hujaandika kodi yoyote omba ruhusa uende zahanati moja ya karibu uone kitabu chenyewe na vijiti vyenyewe, mwisho wa mwezi wakati wanajumlisha.